Kudunga mayai yaliyokataa kurutubishwa: muda ndio unaoamua

Dada, pole sana. Umeuliza kwa nini mayai yako, ambayo hayakurutubishwa baada ya kuwekwa pamoja na mbegu za kiume kwenye kisahani cha maabara, hayakudungwa mbegu mojamoja asubuhi iliyofuata. Sababu kubwa ni umri wa yai. Urutubishaji huthibitishwa kwa kuona viini viwili ndani ya yai saa 16 hadi 18 baada ya kuchanganywa, na kufikia hapo yai ambalo halikuingiwa na mbegu limekwisha kuanza kuchakaa. Likidungwa siku ya pili, mara nyingi kiinitete hukua kwa kusuasua, na hata kikikua vizuri huwa hakiendi sambamba na ukuta wa mfuko wa uzazi, hivyo ni afadhali kigandishwe na kupandikizwa mzunguko mwingine.

Baadhi ya maabara huchunguza mapema, saa 4 hadi 6 hivi baada ya kuchanganya: huondoa seli zinazolizunguka yai, kisha hutafuta kwa darubini kichembe cha pili ambacho yai hukitoa pembeni likishaingiwa na mbegu. Kisipoonekana, yai hudungwa siku hiyohiyo, na matokeo huwa bora zaidi. Hatari iliyopo ni kwamba kichembe hicho kikichelewa kujitokeza, yai lililokwisha kuingiwa linaweza kudungwa mbegu ya pili, na kiinitete cha namna hiyo hakifai kupandikizwa.

Kwa mzunguko ujao, mwulize daktari kuhusu kudunga tangu mwanzo, angalau nusu ya mayai. Kwa maoni yangu, hilo ni bora kuliko kutegemea uokoaji, yaani kudunga mayai baada ya kukataa kurutubishwa.