Maswali ya Mawe: Debe la kioo cheusi kutoka Gilgil

Barua za mwezi huu zimeletwa na mvua. Maji yakipasua mashamba, mawe hujitokeza, na simu yangu hujaa picha zilizopigwa usiku kwa tochi. Jamani, pigeni picha mchana, na wekeni sarafu ya shilingi 10 kando ya jiwe ili nijue ukubwa wake.

Mwalimu, nalima karibu na Gilgil. Baada ya mvua nimeokota mawe meusi yanayong'aa kama kioo, mengine yameviringika kama yai la kware. Jirani anasema ni tektaiti na zinauzwa kwa dola. Nimeshajaza debe. Niuze wapi? (Mkulima, Gilgil)

Ndugu yangu, hilo debe ndilo lililonijibia kabla hata sijafungua picha. Pale kwenu kioo cheusi ni kama kokoto. Ni obsidiani: lava ya volkano iliyopoa upesi mno hata ikakosa nafasi ya kuota fuwele. Eburru imejaa, Olkaria na Hell's Gate pia. Yale yaliyoviringika yamesuguliwa na maji ya korongo.

Jirani hakukudanganya kwa makusudi, maana tektaiti nayo ni kioo cheusi. Lakini chanzo chake ni kingine kabisa. Kimondo kikubwa kinapoipiga ardhi, udongo na mawe huyeyuka, hurushwa juu sana, na matone yake huganda yakiwa bado hewani. Kwa hiyo tektaiti si jiwe la mbinguni, ni udongo wetu uliorushwa juu ukarudi. Na hazikutapakaa ovyo. Eneo kubwa kuliko yote linaanzia Asia ya Kusini-Mashariki hadi Australia, na tektaiti zake zina umri wa miaka kama 790,000. Zile za kijani za Chekia, moldaviti, zilitokana na pigo lililochimba bonde la Ries huko Ujerumani karibu miaka milioni 15 iliyopita. Afrika tunazo za Ivory Coast, zilizorushwa kutoka mahali palipo Ziwa Bosumtwi, Ghana, yapata miaka milioni moja iliyopita. Bonde la Ufa halimo.

Usinitegemee mimi tu. Mizani haitakusaidia, kwa sababu obsidiani na tektaiti zinakaribiana sana kwa uzito. Moto ndio mwamuzi. Obsidiani imebaki na maji kidogo ndani yake, tektaiti imekauka karibu kabisa. Mwaka jana nilipeleka vipande viwili kwa fundi wa kuchomelea hapa Nakuru: kimoja cha Eburru, kingine tektaiti ya Thailand niliyopewa na rafiki. Tulivaa miwani, maana obsidiani ikipata moto ghafla hurusha vigae. Kile cha Eburru kilitulia sekunde chache, kikageuka kijivu pembeni, halafu kikaanza kuumuka kama mandazi kwenye karai, povu jeupe juu ya povu. Cha Thailand kiliyeyuka polepole kama sukari guru, kimya, bila fujo. Fundi akaniuliza kama nina kingine.

Nawaelewa wanaotamani, maana nami nimeliwa. Miaka ya nyuma nilinunua moldaviti mtandaoni. Ikaja imefungwa vizuri, kijani kibichi, inang'aa kama pipi iliyolambwa. Nilipoiweka chini ya lenzi nikaona mshono wa kalibu ukipita ubavuni, mwembamba kama unywele. Chupa iliyoyeyushwa! Muuzaji hakupokea simu tena.

Sasa, usiyamwage mawe yako. Watu wa kale waliithamini obsidiani kuliko sisi. Obsidiani ya Mlima Eburru imekutwa hadi Gogo Falls huko Migori, na haikwenda kwa matatu. Ila chunguza debe lako: kipande chenye makali yaliyochongwa pande mbili, au chenye umbo la jani au wembe, huenda ni kifaa cha kale. Hicho kitenge kando, piga picha, waarifu watu wa makumbusho. Kariandusi, eneo la zana za kale, iko hapo jirani yako, alikochimba mtafiti Louis Leakey, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 haina mzaha na wanaouza vitu hivyo.

Nina jiwe zito kupita kiasi kutoka vilima vya Samia. Nimelituma kwako kwa basi. Je, ni kimondo? (Kijana wa Funyula)

Limefika, mwanangu, ndani ya katoni ya sabuni, na kondakta alilalamika. Mizani ya jikoni ikasema gramu 1,240. Kisha nikaweka bakuli la maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikalitundika jiwe kwa uzi mpaka likazama lote bila kugusa chini. Ikasoma 248, yaani gramu za maji yenye ujazo sawa na wa jiwe. Gawanya 1,240 kwa 248: 5, yaani jiwe ni zito mara tano kuliko maji. Kimondo cha mawe cha kawaida hucheza kati ya 3.3 na 3.7, cha chuma hukaribia 8. Tano inakaa katikati, pasipo na wengi.

Nikalisugua nyuma ya kigae cha bafu, upande usiopakwa rangi. Likaacha mstari mwekundu kama ngeu. Hapo mambo yakaisha: ni hematiti, jiwe la madini ya chuma, lile lile ambalo wahunzi wa Samia waliliyeyusha kufua majembe tangu zamani. Kimondo kibichi hakiachi alama, au huacha ya kijivu hafifu tu. Na ukiokota huko jiwe jeusi lenye vitundu kama mkate, usinitumie. Hayo ni mavi ya chuma kutoka kwenye tanuri za hao hao wahunzi. Vimondo karibu havina vitundu.

Jiwe lako linashikilia mlango wa ofisi yangu. Njoo ulichukue ukipita.

Mtu amenipigia, anasema jiwe langu lina thamani ya milioni nne, nitume 18,500 za cheti kwanza. (Mama J., Kisumu)

Usitume hata shilingi, dada. Mnunuzi ndiye hutoa pesa. Mnunuzi wa kweli huuliza uzito kwa gramu, hutaka picha ya sehemu iliyokatwa, na huomba kipande kidogo kipimwe. Huyo wako amekuuliza lipi?

Vimondo hupewa majina rasmi na kamati ya jumuiya ya kimataifa, Meteoritical Society, na orodha yao husomwa bure. Ili kimondo kiingie humo, gramu 20 au asilimia 20 yake, kiasi kilicho kidogo, hubaki kwenye hifadhi ya kisayansi. Rumuruti imo: jiwe lililoanguka Januari 1934, kipande chake kiko Berlin, na kundi zima la vimondo, kundi R, limepewa jina la mji huo wa Laikipia. Sericho ya Isiolo nayo imo, chuma chenye fuwele za kijani kama mafuta ya zeituni. Lakini Sericho ilipatikana kwa matani, kwa hiyo bei yake kwa gramu haiwezi kufikia ile ya jiwe la Mwezini au Mirihi. Hizo milioni unazotajiwa simuni hutoka kwenye bei za mawe hayo ya Mwezini na Mirihi. Na ukipata cha kweli, ulizia kwanza habari za kibali kabla ya kukipeleka nje ya nchi.

Marehemu baba alileta jiwe kutoka Mbale mwaka 1992. Limeanza kutoa unga wa kahawia. Nilioshe? (Bungoma)

Usilioshe! Hili ndilo lililonifanya nivae miwani mara mbili. Agosti 14, 1992 mawe yalinyesha kweli Mbale, Uganda, mamia ya vipande, na kimoja cha gramu chache kiligonga jani la mgomba kisha kikampiga mvulana kichwani. Hakuumia. Na picha yako inaonyesha ganda jeusi jembamba kama rangi ya sufuria, na palipomeguka pana kijivu chenye chembe za chuma zinazometa. Huo unga ni kutu ya chembe hizo.

Lifute kwa kitambaa kikavu, usilishike kwa mikono yenye jasho, liweke kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vibadilishe mara kwa mara, vinakunywa unyevu. Halafu andika kwenye karatasi alikolitoa baba, kijiji gani, siku gani, nani alikuwepo, ukiwaulizia wazee wakingali hai, na karatasi hiyo ikae humo humo koponi.