Nilitolewa kizazi, lakini kila mwezi damu ilirudi

Miezi minne baada ya upasuaji niliona doa la damu kwenye nguo ya ndani. Nikajiambia ni mshono. Mwezi uliofuata, tena. Matiti yakauma kama zamani, tumbo likajaa, hasira zikawa karibu. Nilikuwa na miaka 44, nimetolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi, uvimbe wa kwenye kizazi, zilizokuwa zinanimaliza damu, na wodini niliambiwa mambo ya pedi basi tena. Wifi yangu akaanza kunong'ona kwamba nimechezewa.

Zahanati ya kwanza muuguzi alinikazia macho: "Mama, huna kizazi, hiyo damu itoke wapi?" Nikapewa vidonge vya U.T.I. Nilivimaliza, damu ikaja vilevile.

Kilichoniokoa ni kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi iliyoning'inia jikoni. Doa likionekana, naweka alama nyekundu; matiti yakiuma, nukta. Baada ya miezi mitatu, alama zilikuwa zimepishana siku 27, 29, 28. Nikaichomoa msumarini nikaenda nayo kwa daktari wa wanawake. Aliitazama, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: karatasi ya upasuaji iko wapi?

Nilirudi kuiomba nilikofanyiwa. Kumbe walitoa mji wa mimba tu. Mlango wa kizazi na ovari zote mbili, vile vifuko vya mayai, vipo. Hapa lugha yetu inatuponza, tunasema "kizazi" tukiwa tumefunga kila kitu kwenye furushi moja. Ovari zikibaki, mwili unaendelea kuhesabu mwezi wake. Na sehemu ya juu ya mlango huweza kubaki kipande cha ule utando wa ndani ya mji wa mimba unaotoa hedhi, kikatoa damu kidogo kila mwezi. Mlango huohuo bado unaweza kupata saratani, kwa hiyo siku ileile nilipimwa dalili zake kwa kupakwa siki kwenye mlango.

Jirani yangu wa kitanda wodini alitolewa mpaka mlango. Yeye alitoka damu baada ya tendo la ndoa, ikaonekana ni kinyama kilichoota kwenye mshono huko juu ukeni. Kilichomwa kwa dawa kliniki, akarudi nyumbani na daladala. Kama ningempa ushauri wa kalenda yangu ningempoteza.

Kalenda ni ya madoa madogo. Mkojo ukivuja wenyewe, ukipata homa na uchafu unaonuka, au damu ikilowesha pedi, nenda leo hii. Na kama ulishakoma hedhi, hata tone moja likaguliwe.

Dada yangu alipofanyiwa mwaka jana, nilifika na uji wake na kabla sijamimina nikamuuliza, "Wamekuachia nini?" Akacheka, akashika mshono, akasema hajui, hakuuliza. Nikaacha chupa ya uji kwenye kabati nikamfuata daktari wa zamu.