Uislamu ni ujamaa au ni ubepari?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dar es Salaam. Wenzangu wawili bwenini wamebishana mpaka wamenuniana. Mmoja anasema Uislamu ni ujamaa, kwa sababu sahaba Abu Dharr alipinga watu kulimbikiza mali. Mwingine anasema Uislamu ni ubepari, maana Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Mimi nimeshindwa kuwaamua. Mama yangu anakaanga mihogo na samaki barabarani. Alichukua mkopo wa kausha damu, shilingi 200,000, na anatakiwa alipe 10,000 kila siku kwa siku 28. Kila jioni anakuja mtu na daftari. Ameshalipa siku 15 na mtaji umekwisha. Nikimwangalia nasema afadhali ukomunisti. Je, napata dhambi kwa kusema hivyo? Na upi katika mifumo hii uko karibu na dini yetu?

JAWABU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na sahaba zake.

Mwanangu, swali lako lina mabishano ya bwenini na lina mama ndani yake. Nitaanza na mabishano, na mama nitamfikia.

Alikuja Madina mtu kutoka Yemen, jina lake Abyad bin Hammal, akamwomba Mtume (s.a.w.) ampe machimbo ya chumvi ya Maarib. Mtume akampa. Alipogeuka kwenda zake, mtu mmoja kikaoni akasema: Ewe Mtume wa Allah, unajua umempa nini? Umempa maji yasiyokatika. Yaani chumvi ile iko juu juu, haina kazi ya kuitafuta, kila anayefika anachota kama watu wachotavyo kisimani. Mtume (s.a.w.) akaichukua tena kutoka kwake. Haya wameyapokea Abu Dawud na Tirmidhi. Katika mapokezi ya Ibn Majah imo ziada ambayo kila nikiisoma nasimama hapo: Abyad aliiachia chumvi ile kwa sharti ihesabiwe sadaka yake, Mtume akamkubalia, kisha akampa ardhi na mitende mahali paitwapo Jurf badala ya kile kilichorudishwa.

Yote hayo yalikuwa katika shauri moja la mtu mmoja. Chumvi ambayo hakuna aliyeitolea jasho ikabaki ya watu wote. Ardhi na mitende, vitu vinavyotaka mkono wa kupalilia na kumwagilia, vikawa vyake yeye na watoto wake. Na aliyerudishiwa neno hakuondoka mikono mitupu wala hakuvunjiwa heshima. Rafiki yako mjamaa ataisimulia habari hii mpaka kwenye chumvi tu, na yule mwingine ataanzia kwenye mitende. Wanachuoni wetu waliichukua nzima, ndipo wengi wao wakasema madini yaliyo wazi hayafai kumilikishwa mtu mmoja, wakaiweka pamoja na hadithi isemayo Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto.

Kwa hiyo mizani yetu haianzi na jina la mfumo. Tunauliza kitu chenyewe ni kitu gani, nani amekitolea jasho, na kimetoka mkononi mwa mwenyewe kwa ridhaa au kwa nguvu. Allah (s.w.t.) anasema katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, tusiliane mali zetu kwa batili isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana.

Sasa ukomunisti. Marx na Engels, waasisi wa fikra hiyo, walipoandika Ilani yao ya Kikomunisti mwaka 1848 hawakuficha: walisema nadharia yao yote inaweza kufupishwa kuwa ni kuondoa umilikaji binafsi, nao walikusudia hasa mali inayozalisha, kama mashamba na viwanda. Hapo Muislamu hawezi kufuatana nao. Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama, na onyo hilo halikumtoa mtawala. Waliojaribu fikra ile kwa nguvu tumeona walikofika. Wakazaki, ndugu zetu Waislamu wa Asia ya Kati, walikuwa wafugaji wa kuhamahama. Utawala wa Kisovieti ulichukua mifugo yao ukawalazimisha kukaa mahali pamoja, na njaa ya kati ya 1930 na 1933 ikaua watu wapatao milioni moja na nusu, wengi wao Wakazaki. Misikiti nayo ilikuwa inafungwa miaka hiyo hiyo.

Ujamaa wetu wa Tanzania siuweki kwenye kapu hilo. Mwalimu Nyerere aliujenga juu ya udugu wa ukoo, si juu ya kumkana Mungu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asipangishe nyumba. Wallahi katika hilo mimi nalitetea mpaka leo, kwani kiongozi mwenye duka lake pembeni ya ofisi ya umma ndiye chanzo cha mengi tunayolia nayo. Lakini mambo yalipofika kwenye mashamba ya watu, tulikosea. Babu yangu mzaa mama alikuwa na mikorosho upande wa Lindi, aliyoipanda kwa mkono wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akahamishiwa kijiji cha ujamaa, na kutoka kule mpaka kwenye mikorosho ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Mwaka wa kwanza alikwenda kupalilia. Mwaka wa pili alikwenda kuokota tu. Baadaye pori likafunga, na nilipopelekwa mtoto kuonyeshwa, babu alikuwa anaitambua miti yake kwa kupapasa magome. Kijijini tulipata shule na bomba la maji, hilo sitalikana. Nchi nzima korosho zilishuka kutoka tani zaidi ya 140,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 msimu wa 1986/87. Ugonjwa wa ubwiri unga na bei mbaya navyo vilichangia, lakini mti uliotenganishwa na aliyeupanda hauwezi kulaumiwa.

Maslahi ya umma yakilazimisha, sharia inao mlango. Umar bin Khattab (r.a.) alipoupanua Msikiti wa Makka alinunua nyumba zilizouzunguka, na waliokataa kuuza aliwawekea thamani ya nyumba zao katika hazina ya Kaaba mpaka wakaja kuichukua.

Kuhusu Abu Dharr (r.a.), mwambie mwenzako asimbebeshe asichokisema. Yeye aliwakemea matajiri kwa aya ya 34 ya Surat At-Tawba, ya wanaolimbikiza dhahabu na fedha. Hakwenda kwa mtu akamchukulia mali. Na sahaba walio wengi waliona kuwa mali iliyotolewa zaka haiingii katika limbiko hilo.

Nije kwa yule wa pili. Ni kweli Mtume (s.a.w.) alikwenda Sham na mali ya Bibi Khadija (r.a.), lakini alikwenda kwa mudharaba. Katika mudharaba mmoja anatoa mtaji na mwingine anatoa kazi. Ikija faida wanagawana kwa walivyopatana. Ikija hasara isiyo ya uzembe, mwenye mtaji anapoteza mtaji wake na mfanyakazi anapoteza jasho lake, hakuna anayemdai mwenzake. Sasa simama pale kwenye karai la mama yako. Mafuta yakipanda bei, ni yeye. Mvua ikinyesha wateja wasije, ni yeye. Samaki wakilala wakaharibika, ni yeye. Mtu wa daftari anataka 10,000 zake tu. Yeye hakuingia biashara, amekaa juu ya biashara ya mwingine. Allah anasema amehalalisha biashara na ameharamisha riba, na waliosema biashara ni kama riba tu amewataja kwa lawama katika aya hiyo hiyo, Al-Baqara 275.

Ubepari wa leo umejengwa kwa mtaji wa riba kuanzia chini hadi juu. Anayemkausha mama yako na benki kubwa za New York wanatofautiana mavazi tu. Mwaka 2008 Marekani watu walikuwa wamekopeshwa nyumba wasizoweza kuzilipia, madeni yao yakafungwa mafungu na kuuzwa dunia nzima kama bidhaa, na yalipoporomoka familia zilitolewa majumbani huku benki zikiokolewa kwa fedha za serikali. Surat Al-Hashr, aya ya 7, inasema mali igawanywe ili isiwe inazunguka baina ya matajiri wenu tu. Mfumo usio na zaka, unaohalalisha riba na kumwachia mwenye ghala afiche sukari mpaka bei ipande, Mtume alishauhukumu aliposema hahodhi ila mkosaji.

Lakini soko lenyewe hakulifunga. Bei zilipopanda Madina watu wakamwomba azipange, akakataa, akasema Allah ndiye mpanga bei, naye anataraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhulma ya damu wala ya mali.

Sasa kauli yako ya afadhali ukomunisti. Ukikusudia kumkana Allah na kuhalalisha kupora, hiyo ni kufuru na dhulma. Najua hukukusudia hivyo, ni uchungu wa mama. Kuipenda haki ya wanyonge si dhambi, ila iite kwa jina lake. Kama unaunga mkono bima ya afya kwa wote au madini ya nchi yawe ya nchi, huhitaji kuazima jina la Marx kwa hilo.

Kuhusu mama: aya ya 279 ya Al-Baqara inampa mkopeshaji rasilimali yake tu. Alichukua 200,000, amelipa 150,000. Kisharia deni lililobaki ni 50,000. Nenda naye kwa mkopeshaji pamoja na imamu wenu au mzee wa mtaa mnayeheshimiana naye, mtamke hesabu hiyo mbele ya shahidi, na muombe muda, kwani aya inayofuata imeamrisha mwenye dhiki angojewe. Akikataa, na mkiogopa vyombo kuchukuliwa, mama atalipa kwa kulazimika, na dhambi ya ziada ni ya anayeichukua. Mama naye atubu kwa kuuingia mkataba ule. Mwenye deni ni katika wanaostahiki zaka kwa aya ya 60 ya Surat At-Tawba, kwa hiyo upeleke jina lake kwenye kamati ya zaka ya msikiti wenu bila kuona haya. Na wewe jioni uwepo pale kwenye karai mtu wa daftari akija, mama asikae peke yake.

Wallahu aalam.