Majibu kwa aliyenunua flati Upanga: ada ya huduma, matangazo ya ngazini na ule ukuta wa jikoni

Mleta mada, uzi wako nimeusoma wote. Umenunua flati ghorofa ya 9, hata vyombo hujamaliza kupanga, na tayari una maswali matatu: kwa nini ulipe ada ya huduma kila mwezi wakati flati ni yako, kwa nini kamati ikubandikie barua mlangoni kisa kiyoyozi umekifunga upande wa barabarani, na kama ni lazima uombe ruhusa ndipo uvunje ukuta wa jikoni. Wachangiaji wengi hapo juu wamekwambia "nyumba yako, wasikubabaishe". Mimi nimekuwa mweka hazina wa kamati ya wamiliki kwenye jengo la ghorofa 12 hapa hapa Dar, kwa hiyo naomba nikujibu kutoka upande wa wale wanaobandika barua.

Anza na hati yako. Hiyo ni hati ya sehemu ya jengo, chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008. Chako peke yako ni kilichomo ndani ya flati. Ngazi, lifti, paa, nguzo, korido, pampu, tenki, mabomba yanayopanda na kushuka, vyote hivyo mnavimiliki kwa pamoja, kila mtu na hisa yake, na hakuna anayeweza kukata kipande chake akaondoka nacho. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayotaka wamiliki wawe na chama chao. Kwa hiyo kamati si majirani waliojipa vyeo. (Wapo wanaojipa kweli, ila hao nitawarudia.) Wenzetu Kenya nao wana sheria yao ya mwaka 2020, na msingi wake ni huo huo.

Sasa pesa. Mtu akisikia ada ya huduma anawaza mlinzi na mfagiaji. Hao ni sehemu ndogo. Kinachotafuna ni maji, lifti na jenereta. Kila mita 10 za kupanda, maji yanadai karibu bar 1 ya presha, na presha ya bomba la mtaani haiwezi kukufikishia maji huko ghorofa ya 9. Yanaingia kwanza kwenye tenki la chini, pampu inayasukuma hadi tenki la juu ya paa, halafu ndiyo yanakushukia bafuni. Pampu hiyo inakula umeme wa mita ya pamoja, na LUKU yake lazima mtu ainunue. Lifti ina mkataba wa matengenezo, na hapo bado hakijaharibika kitu.

Jengo letu lina flati 44 na ada ilikuwa shilingi 150,000. Wote wakilipa ni milioni 6.6 kwa mwezi. Wakigoma 15 tu, milioni 2.25 hazipo, na pampu haijui nani kalipa na nani hajalipa, inapandisha maji ya wote. Kipindi cha mgao wa umeme, mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 kabla Bwawa la Nyerere halijaanza kuingiza umeme kwenye gridi, kuna mwezi dizeli peke yake ilimeza fungu la walinzi na la usafi. Ikabidi jenereta iwe ya pampu na lifti moja tu. Kelele za kwanza zilitoka kwa nani? Kwa wale wale wenye deni.

Halafu kuna akiba ya matengenezo makubwa, ambayo watu hawapendi hata kuisikia. "Paa halijavuja, tuchangie ya nini?" Wapeni mfano wa Surfside, Florida. Jengo la wamiliki kama ninyi, ghorofa 12 kama letu. Ripoti ya mhandisi ya 2018 ilionyesha zege limeharibika, wamiliki wakavutana miaka kuhusu gharama, mpaka ikafika hesabu ya dola milioni 15. Malipo yalitakiwa yaanze Julai 1, 2021. Jengo liliporomoka usiku wa Juni 24, watu 98 wakafa.

Hata hivyo siwatetei wanakamati wote. Wengi wetu hatujui kuandika tangazo, na nusu ya ugomvi wa maghorofani unaanzia kwenye karatasi. Mwenyekiti wetu wa zamani, mzee wa heshima zake, alikuwa anaandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa tupu: "WASIOLIPA MAJINA YAO YATABANDIKWA GETINI. HILI NI ONYO LA MWISHO." Mwezi uliofuata, onyo la mwisho lingine. Watu wakazoea. Siku majina yalipobandikwa kweli, kumbe kuna mama mpangaji alikuwa ameshamlipa mwenye flati, mwenye flati ndiye hakuwasilisha. Mama wa watu kaaibishwa mbele ya madereva wa bodaboda kwa deni lisilo lake.

Baadaye tukaanza kubandika karatasi moja ndani ya lifti, kwenye usawa wa macho: kilichoingia, kilichotoka na kilienda wapi, kilichobaki, na flati ngapi bado, bila majina. Ndani ya lifti mtu hana pa kuangalia, atasoma tu. Sikudanganyi kwamba wote walilipa. Ila walioanza kulipa ni wale waliokuwa wanasema "hizi hela mnakula". Kumbe walikuwa wanataka kuiona bili ya LUKU.

Nikupe na kisa cha maji, maana kinakuhusu wewe uliye juu. Maji yalikatika, msimamizi wa jengo akabandika: "Wakazi mnaombwa kuchukua tahadhari kuhusu hali ya maji." Basi. Kijana mmoja wa ghorofa ya 10 alifungua koki ya jikoni asubuhi, ikatoa hewa, akaiacha hivyo hivyo akasafiri. Maji yakarudi saa 8 usiku. Sinki lilikuwa na sahani, tundu limeziba. Yakajaa jikoni, sebuleni, yakapita chini ya mlango hadi koridoni, na korido yetu imeinamia kwenye lifti. Asubuhi tunafungua mlango wa lifti chini, shimo linadondosha maji kama mvua ya masika na bodi za umeme za lifti zimeungua. Kuna bibi wa ghorofa ya 11 hakushuka chini mpaka vipuri vilipofika kutoka nje.

Kijana alipodaiwa akasema: "Tangazo halikuniambia nifunge koki." Na wakuu, tangazo halikumwambia! Alilipa sehemu, chama kikalipa sehemu, kwa manung'uniko pande zote. Tangu hapo tangazo letu la maji linasomeka hivi: "Maji yamekatika leo saa 4 asubuhi. Kabla ya kutoka au kulala, funga koki zote, na ya mashine ya kufulia. Ukisafiri, funga valvu kuu iliyo nyuma ya mlango wa jikoni." Kuna mpaka mchoro wa valvu, maana wengi walikuwa hawajui kama wanayo. Wewe unayo? Kaitafute leo.

Kanuni nyingine zinaonekana za roho mbaya mpaka siku yake ifike. Ile ya kutokuweka vitu ngazini, kwa mfano. Kulitokea msiba ghorofa ya 8, mzee alifia nyumbani. Kanuni zetu hazikuruhusu turubai kwenye maegesho, lakini nani atasimama kumwambia mfiwa hivyo? Tukatoa tangazo siku ile ile: safu ya nyuma ya magari iachwe wazi hadi baada ya mazishi, lifti moja iwe ya wazee na vyombo vya chakula, wageni wa msiba wasiandikishwe getini. Hakuna aliyelalamika. Tatizo likaja kwenye jeneza. Lifti yetu ni ya watu wanane, jeneza haliingii likiwa limelala, na hakuna atakayekubali lisimamishwe. Vijana wakalishusha kwa ngazi, wanageuza taratibu kila kona. Walipofika ghorofa ya 5 wakakwama: kabati la viatu, baiskeli ya mtoto na mtungi wa gesi wa kilo 15 vimekaa kwenye kona ya ngazi. Msafara wote ukasimama, jeneza mabegani, mwenye vitu anahangaika kuvuta kabati ndani huku anaomba radhi. Sasa fikiria ingekuwa moto, lifti haitumiki, watu wa ghorofa saba za juu wanashukia hapo gizani. Namba ya Zimamoto ni 114, ibandike kwenye friji, lakini hata wao watapandia ngazi hizo hizo.

Tuje kwako. Kiyoyozi kihamishe, mkuu, usipoteze nguvu hapo. Ukuta wa nje si wako peke yako, kila tundu unalotoboa ni njia ya maji ya mvua kuingia kwa mwenzako, na ule mpira wa kutolea maji ukiuacha unaning'inia unamchuruzikia wa ghorofa ya 8 kwenye nguo alizoanika. Waulize sehemu iliyotengwa ni ipi, omba na muda wa kutosha wa kuleta fundi. Jibu barua yao kwa barua.

Ada, usigome. Lipia benki au kwa simu kwenye akaunti ya chama, kamwe si mkononi kwa mtu, na tunza risiti. Ukishakuwa huna deni, dai hesabu za mwaka kwa maandishi, dai kuona mkataba wa lifti na bima ya jengo. Hapo ndipo wale waliojipa vyeo wanapojulikana, kwa sababu mwenye hesabu safi hukuletea faili siku hiyo hiyo. Na kikao kikitangazwa, nenda. Kwetu ada iliwahi kupanda kwa kura za watu wachache tu, halafu wasiokuja wakalalamika kwenye kundi la WhatsApp hadi usiku wa manane.

Ukuta usiuguse bado. Tangu lile jengo la Kariakoo liporomoke Novemba 16, 2024, ukianza kupiga nyundo majirani watakuwa mlangoni kwako kabla tofali la kwanza halijadondoka, na wana haki. Andika barua, ambatanisha mchoro, siku na saa za kazi, na kifusi kitatolewa vipi, maana kikipitishwa kwenye lifti bila kutandikwa kitu itakuwa kesi nyingine. Picha uliyoiweka hapa haitoshi kusema kama ukuta huo unabeba mzigo. Mhandisi aje auone mwenyewe, aulinganishe na ramani za jengo, ambazo nakala yake kamati inapaswa kuwa nayo. Wakikwambia hawana, anzisha uzi mwingine, nitakuja.