Nimeacha soda, sukari nyingine inatoka wapi?

SWALI: Nina miaka 41. Kliniki wameniambia sukari yangu imezidi kidogo ila sijafikia kisukari, na situmii dawa. Nimeacha soda, chai naweka kijiko kimoja. Asubuhi nakula maandazi matatu ya nyumbani, mchana nakunywa juisi ya boksi iliyoandikwa haina sukari ya kuongezwa, jioni yogati ya stroberi. Nasikia hata mkate na tomato sosi vina sukari. Nianze kupunguza wapi?

JIBU: Dada, anza na juisi, yogati na maandazi. Tomato sosi ina sukari kweli, ila kijiko kimoja cha chakula hubeba kama gramu 4 tu, na slesi mbili za mkate wa kawaida huwa na pungufu ya hapo. Ukihangaika na hivyo kwanza utachoka bure.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni takriban gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Asali na juisi ya matunda, hata ile halisi, zinahesabiwa humo humo. Kwa hiyo maandishi ya boksi lako yanaweza kuwa kweli na bado yasikusaidie: juisi ya chungwa ina kama gramu 10 kwa mililita 100, na boksi la mililita 250 linamaliza posho ya siku nzima. Kula chungwa lenyewe, kiu ikatwe na maji.

Yogati inataka hesabu kidogo. Kwenye lebo soma safu ya gramu 100, siyo ile ya kipimo kimoja, maana kipimo hicho mara nyingi ni kidogo kuliko unachokula. Ikiandikwa sukari gramu 14, toa 5 ambazo ni za maziwa yenyewe, zinabaki 9. Kikombe cha gramu 250 kinakupa 22 na ushee, karibu vijiko sita. Hamia mtindi usiotiwa sukari. Ukiuona mkali, changanya nusu kwa nusu na yogati yako kwa wiki mbili, kisha ongeza mtindi, na utamu uutafute kwenye vipande vya embe au papai.

Pitia pia orodha ya viambato, ambayo hupangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi. Lebo zetu nyingi ni za Kiingereza, hivyo tafuta sugar, syrup, honey na maneno yanayoishia na -ose. Bidhaa ikitumia aina tatu za sukari, kila moja hushuka chini kwenye orodha ingawa jumla yake ni kubwa.

Sasa maandazi. Unga kilo moja kwa sukari gramu 200, ukitoa maandazi 30, ni karibu gramu 7 kila moja. Matatu ni vijiko vitano. Shuka hadi gramu 150, halafu 100, mwisho 80. Hamira haitalala njaa, kwani vimeng'enya vya unga hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari. Tena donge lisilo na sukari nyingi huumuka haraka zaidi, kwa hiyo liangalie mapema. Wengi huharibu kwenye kikaango: sukari ikipungua, rangi huchelewa, nao huyaacha mpaka yawe kahawia, yakatoka makavu na yenye mafuta mengi. Yatoe yakiwa na rangi ya dhahabu iliyopauka. Yasikauke kesho yake, kandia tui zito badala ya maji, na iliki uitie kwa ukarimu. Kubadilisha sukari kwa asali au sukari guru hakukupunguzii kitu.

Hata hivyo, andazi lisilo tamu bado ni unga mweupe uliokaangwa. Kula moja au mawili, pamoja na yai au maharage, na kipimo cha ugali na wali wa jioni nacho kipungue. Baada ya miezi mitatu omba kliniki wakupime HbA1c, kwa sababu inaonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, siyo ya asubuhi moja.