Ukali wa kahawa hautoki kwenye moto

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: kwa nini kahawa kali ya birika la moka, lile la chuma ambalo mvuke husukuma maji kutoka chini yapite kwenye kahawa hadi juu, hutoka na uchungu wa kuungua? Ni kwa sababu wengi wanautafuta ukali kwenye moto, kumbe unatokana na kahawa nyingi kwa maji machache.

Birika la vikombe 3, vile vidogo, huchukua gramu 15 hadi 17 hivi za kahawa. Isagwe laini kuliko chumvi ya mezani, lakini isiwe vumbi. Jaza kichujio pomoni, sawazisha kwa kidole, na tafadhali usishindilie! Msukumo humu ni kama baa (kipimo cha msukumo) 1 hadi 2 tu, ilhali mashine ya espreso hutumia 9. Kahawa ikiziba njia, mvuke utatokea kwenye vali ya usalama, ile iliyo ubavuni mwa sehemu ya chini ya birika.

Maji yaishie chini kidogo ya vali hiyo, na yawe yameshachemshwa kwingine. Ukianza na ya baridi, chuma hukaa motoni muda mrefu na kahawa inaungua ikiwa bado kavu. Shika sehemu hiyo ya chini kwa kitambaa unapokaza ya juu. Kabla ya hapo futa ukingo, maana chembe chache tu zinatosha kuuzuia mpira unaoziba kati ya sehemu hizo mbili usikae sawa, mvuke ukavuja pembeni na kahawa isipande. Ukingo ukiwa safi na bado linavuja, mpira umekakamaa, weka mwingine.

Sasa moto mdogo, mfuniko wazi, na usiondoke. Kahawa ya kwanza huchuruzika polepole, nzito na nyeusi. Ikitema na kurukaruka, punguza moto. Kisha mchirizi unapauka, unakuwa wa rangi ya asali wenye mapovu, na birika linaanza kukoroma. Koromo hilo maana yake maji yameshuka chini ya mdomo wa faneli, ule mrija wa kichujio unaoyapandisha, kinachopita sasa ni mvuke, nao ndio unaokokota uchungu. Usilisubiri: mchirizi ukipauka tu, epua na ukalishe kitako cha birika kwenye kitambaa kilicholowa maji baridi. Koroga ndipo umimine, kwa kuwa ile nzito imelala chini.

Ukitaka kidogo, tumia birika dogo. Kichujio kilichojazwa nusu huacha maji yajipitie tu, na utapata kahawa nyepesi, chachu.