Punguza sentensi kwanza, sura baadaye

Dadangu, umeuliza utoe nini maana hadithi yako ya Lamu ishakuwa ndefu mno. Sura ziache kwanza, shughulika na sentensi. Umeandika "yeye Mwanaidi aliinuka juu halafu baada ya hapo akaanza kutembea kuelekea upande wa mlangoni", mi ningeweka "Mwanaidi aliinuka akaenda mlangoni" basi, hiyo -ka- ishabeba "halafu" zote, na kuinuka chini sijawahi kuona hehe. "Kwa kweli" na "ghafla" pia futa nyingi. Ila pale punda wawili wamekutana na mizigo kichochoroni Mkomani kila mtu anatoa amri yake usipaguse, hata yule mzee anayerudiarudia maneno muache, ndo anavyoongea huyo.